Katambuga Zilizofika Kampala

Kijiji cha Ipole,
S.L.P. Sikonge,
Tabora.
9 Septemba 1979

Mpendwa mdogo wangu Tobias,

Marahaba. Najua uko mbali huko Tanga na shikamoo yako bado haijafika, lakini mimi ni mkubwa wako, naipokea kabla hujaitoa. U hali gani? Mgongo wako unasemaje, ule ulioharibika kwa kukata mkonge? Shemeji yangu Maua hajambo? Na watoto wote mliowazaa huko pwani, ambao sijawaona hata uso, nao wazima?

Sisi huku tupo, Mungu anatutunza. Mimi ni mzima kuliko ulivyoniacha. Meno ya mbele yameondoka lakini ya kutafunia nyama yapo yote. Kupanda mti kwa kamba mpaka kwenye mzinga, napanda. Mke wangu Apolinaria anaumwa magoti. Mdomo wake haujapata ugonjwa wowote.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi Anselm uliyemwacha hajui hata kuweka jina lake. Nilikwenda darasa la watu wazima. Mwalimu akasema, mzee, kichwa chako ni kigumu. Nikamwambia ndiyo, kigumu, kwa hiyo kilichoingia hakitoki. Watu hapa wananiambia mpe kijana aliyesoma akuandikie upesi. Nimekataa. Naandika kidogo, nikichoka natoka kutazama nyuki, narudi naandika tena. Ukiona wino umebadilika rangi usishangae, kalamu ya kwanza imekwisha nikiwa bado kwenye salamu.

Sasa barua yako ya Noeli.

Niliipata. Sikuijibu. Sikuijibu kwa makusudi. Uliandika kwamba habari zimekufikia huko kuwa Justus, mwanao uliyeniletea nimlee akiwa bado anatambaa, amelikimbia jeshi. Uliandika asikanyage mlango wako, wewe huna mtoto mwoga. Nilisoma mwenyewe neno kwa neno, nikaikunja, nikaitia ndani ya kilindo cha gome ninamowekea nguo za kanisani. Nikasema nitamjibu huyu siku nikiwa na jibu. Leo ninalo. Kaa chini, mwambie Maua akupe maji.

Ni kweli alikimbia. Usiruke juu, soma.

Wakati ule nduli alipoingia Kagera, redio ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Eustace, ilikuwa inalia kutwa. Kila kijiji kitoe vijana wa mgambo. Kwetu akaletwa koplo wa kuwafundisha, jina lake Salmini, kijana wa Tabora mjini katika wale Waarabu wenye maduka, mwembamba kama ufito, sauti kama ng'ombe dume. Ulikuwa wakati wa kuhamisha miche ya tumbaku. Mvua imenyesha, kila mtu jembe mkononi. Hakuna kijana aliyeulizwa unataka au hutaki. Waliitwa kwa majina, wakapangwa mstari kwenye uwanja wa mpira, kwisha.

Na walipangwa na nini? Miguu mitupu. Wengine kandambili, na kandambili zenyewe zimefungwa waya. Sare hakuna. Chupa ya maji hakuna. Bunduki za mti. Justus alichonga yake kwa mninga, nzuri, ukiiona unaweza kuilaza kitandani, lakini Tobias, mti haulii. Koplo anapiga kelele, piga adui! Na wao wanapiga kwa midomo, pa! pa! Wanawake wakitoka kisimani wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Kisha wakaambiwa jiandaeni, lori linakuja Sikonge, mnakwenda mstari wa mbele.

Asubuhi moja tukaamka, Justus hayupo. Mayala, mtoto wa jirani yetu Marcelina, hayupo. Na wenzao kadhaa. Bunduki za mti wameziacha zimeegemea ukuta wa ofisi ya kijiji, zimepangwa vizuri.

Koplo akaja mlangoni kwangu amewaka.

"Mzee, mtoto wako yuko wapi?"

"Mtu mzima wa nyumba hii ni mimi. Nichukue mimi."

"Mzee, sifanyi mzaha. Huyu ni mtoro wa jeshi wakati wa vita. Unajua kinachompata?"

"Najua. Nilikuwa vitani Bama baba yako hajaota ndevu."

"Basi twende naye Bama huyo akatuonyeshe pori," akawaambia wale askari mgambo wake wawili. Nikatoka. Apolinaria akanishika shati, unakwenda kumuuza mtoto? Nikamwambia nakwenda kukaa katikati.

Tobias, hapa ndipo utamjua mwanao. Unakumbuka desturi yetu ya porini. Mtu akiwa kambi ya asali hufunga majani mabichi kwenye mti pale njia inapogawanyika, ili mpita njia ajue kuna watu, kuna moto, aje ale. Baba alitufundisha kabla ya kutufundisha kupanda mti. Sasa huyu mtoro, mtu anayejificha jeshi la nchi nzima, nikafika njia panda nikaona majani yamefungwa, mabichi, fundo la kwetu kabisa! Amejificha na amekaribisha wageni. Mkono wake ulifunga wenyewe, yeye hana habari. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Koplo akapita pale asijue kitu. Mimi nikakohoa, nikapita.

Lakini njia ile ile ndiyo ya kambini. Tulipoona moshi kidogo, Koplo akasema nawatisha watoke. Bunduki ya kweli ilikuwa moja tu, yake. Akapiga hewani.

Mjini hewani hakuna kitu. Kwetu hewani kuna mizinga.

Risasi ilipasua mzinga wa mzee mwenzangu mmoja katikati, ukafunguka kama ganda la karanga, na nyuki wakashuka wote kwa pamoja. Wale mgambo wawili sijui walipitia wapi, niliona kofia tu zimebaki. Mimi nililala chini nikajifunika shuka, nikatulia kama gogo, ndivyo anavyofanya mtu mwenye akili. Koplo akakimbia akipunga mikono, na nyuki wanapenda sana mtu anayepunga mikono. Akaanguka. Akawa anaita mama yake.

Ndipo mwanao akatoka. Nilimwona kwa upenyo wa shuka. Alikuwa mafichoni pazuri, hakuna ambaye angemwona, na Mayala anamvuta mguu, anamwambia, "Achana naye, huyo si ndiye anatutafuta?" Justus akasema, "Anakufa." Basi. Akawasha kienge cha majani, akaingia katikati ya nyuki bila kukimbia, anatembea, moshi mbele, akamfunika Koplo kwa shuka lake mwenyewe akamburuta mpaka kwenye moto wa kambi. Ameumwa yeye, shingo imevimba.

Wewe uliniandikia mwoga.

Tulikaa pale kambini tukimtoa Koplo miiba kwa ncha ya kisu. Uso umevimba, amekuwa mnene kwa mara ya kwanza maishani. Nilimpa asali ya mzinga wake ule ule alioupasua. Alipopata kusema akauliza, "Ni nani huyu?"

"Ni mimi afande. Justus."

"Kwa nini ulikimbia?"

Justus akamwambia, "Afande, nduli naye ana bunduki za mti?"

Mayala akacheka, yule kijana alikuwa hawezi kuzuia kicheko hata msibani. Justus akaendelea, "Kama ni kufa, watu wanakufa. Lakini kwenda kufa na kandambili ya waya, afande, huko ni kutupwa."

Nilidhani Koplo atafoka. Akavuta mguu wake mbele akauonyesha. Akasema, "Unaona kiatu hiki? Nimenunua mwenyewe dukani kwa mjomba wangu. Unadhani mimi nilipewa?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini lazima niwapeleke. Nisipowapeleka mimi atakuja mwingine, na yule hatapiga hewani."

Na hilo lilikuwa kweli. Nalisema ingawa ni la Koplo.

Wale mgambo wakarudi, wakatoa kamba wawafunge. Hapo mimi nikasimama. Tobias, wewe unaijua kamba ile. Ulikuwa mdogo, lakini unajua. Vita vya Wazungu, walinikamata mnadani nimekwenda kuuza kuku, wakanifunga pamoja na wenzangu kama mbuzi mpaka Tabora, na wewe ulikimbia nyuma yetu unalia, unashika ncha ya kamba unavuta unirudishe nyumbani. Mpaka leo nikifunga mzigo nakuona. Na njia ile ile, kabla yetu, ilishaona waliofungwa minyororo wakipelekwa baharini, na ilishaona pia babu yetu mzaa baba akipita huru, kirangozi wa msafara, anatangulia na kilemba chekundu na ngoma, watu wote nyuma yake na hakuna wa kumpita. Nikamwambia Koplo, "Hii ni nchi yetu, si ya Mzungu. Mtoto hafungwi kamba kwenda kuipigania. Weka kamba, nitawaleta mwenyewe. Watatembea, na hawatatembea miguu mitupu. Nipe siku chache."

"Na wakitoroka tena, Mzee?"

"Utanifunga mimi. Kamba si unayo?"

Akanitazama kwa lile jicho moja lililokuwa linafunguka. Akaweka kamba.

Sasa nisikilize nilivyofanya, maana hapa Ipole bado wanasimulia. Unajua kijiji kilipewa trekta mwaka ule tulipohamishiwa vijijini. Lililima msimu, likafa, limesimama nyuma ya ofisi kuku wanataga kwenye kiti. Matairi yake mazima kabisa. Nikaenda na panga na patasi, nikaanza kukata. Eustace akaja mbio.

"Mzee Anselm! Hiyo ni mali ya kijiji!"

"Na hawa watoto ni mali ya nani?"

"Nitaandika taarifa wilayani!"

"Andika. Na mimi siku hizi najua kusoma."

Akasimama, akafikiri, akaenda zake. Baadaye akarudi na msumeno. Eustace si mtu mbaya, ana uenyekiti tu.

Tukakata katambuga mchana kutwa, mimi nakata, wazee wanatoboa, vijana wenyewe wanapima miguu. Wanawake wakashona mikoba kwa magunia ya tumbaku. Apolinaria na Marcelina wakatoa vibuyu vya maji, tukavifunga wavu wa kamba za magome ili vininginie begani. Kila kijana kibuyu kikubwa cha maji na kidogo cha asali, ya kula na ya kupaka kidonda. Hata wale ambao hawakukimbia wakaja kupimwa. Tena hao ndio walikuwa wa kwanza kuchagua!

Siku ya lori nikatangulia mimi. Nilifunga kilemba, cha kanga ya Apolinaria, nyekundu. Ucheke usicheke. Ngoma mbele, vijana nyuma kwa mstari, Justus akifuata mgongo wangu, na Koplo Salmini pembeni, uso bado haujarudi vizuri. Tukaenda Sikonge kwa miguu, tukilala njiani kama misafara ya zamani, na hakuna hata mmoja aliyeingia kichakani kwa sababu isiyo ya haja. Kule kwenye uwanja vijana wa vijiji vingine wamekaa chini wamejiinamia. Tukaingia tunaimba. Wakainua vichwa.

Luteni mmoja, kijana, nadhifu, simjui jina, akacheka. "Mzee, hili ni jeshi au harusi? Vueni takataka hizo. Vifaa mtapewa mbele."

Nikawaambia wanangu, leteni hapa. Wakarundika katambuga zao na vibuyu, nikakalia juu. Nikasema, "Onyesha kwanza hivyo vya mbele. Nikiviona naondoka."

"Mtoeni huyu mzee."

Hakuna aliyekuja kunitoa. Luteni akawatazama mgambo, mgambo wanatazama mawingu. Ndipo Koplo Salmini akapiga saluti, na midomo yake ile minene, akasema, "Afande, hawa ndio pekee hapa uwanjani wenye viatu."

Luteni akageuka akatazama ule uwanja. Miguu mitupu mpaka mwisho. Akavua kofia akaivaa tena. Kisha akasema, wavae, wapande. Akaniambia mimi, "Mzee, shikamoo." Nikamwambia marahaba. Lori lilipoondoka, vijana wa vijiji vingine walikuwa wanauliza wa kwetu, hizo mmezipata wapi?

Nilirudi nikakata matairi yaliyobaki yote, tukayatuma na lori lililofuata. Trekta sasa limekalia chuma.

Kisha ikawa miezi ya kusubiri redio. Hiyo sikuandikii sana. Nilikuwa napita kwa Eustace kila jioni najidai naomba ugoro. Apolinaria alikuwa anapika sahani ya Justus kila siku, na kila siku naila mimi. Nimenenepa kwa hofu. Siku redio iliposema Kampala imeangushwa, nilipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka, lakini usiniulize kama nililala.

Amerudi, Tobias! Amerudi mwezi uliopita, mzima, mikono miwili, miguu miwili, ana kovu bega la kulia na ndevu ambazo sikumruhusu. Alishukia njia panda kwenye mti ule, akafunga majani mabichi, ndipo akaja nyumbani. Niliyaona nikitoka kwenye mizinga, nikakimbia. Mimi, kwa umri huu, nikakimbia.

Ametuambia buti walipewa mwisho walipofika kule juu, lakini zilikuwa za kipimo kimoja, nyembamba, na miguu ya kwetu unaijua, imetandazwa na ardhi. Wenzao wengi miguu ilioza kwenye matope ya kuelekea Masaka, wakawa wanabebwa. Wa Ipole walining'iniza buti shingoni wakatembea na katambuga. Justus anasema kamanda wao mmoja alikuja kuuliza, kikosi hiki chenye vibuyu ni cha wapi? Ndio waliotangulizwa, kwa sababu walikuwa wanatembea. Kwa hiyo ukisikia watu wanajisifu huko Tanga nani kaiteka Kampala, waambie imetekwa na trekta la Ipole. Waambie kaka yangu ndiye aliyelikata.

Koplo Salmini naye yu hai, sasa ni sajini. Alipita hapa na mkate wa mjini na mchele. Alikaa mbali kabisa na mizinga.

Mayala hakurudi. Hili nimeliacha mpaka sasa kwa sababu kalamu haikutaka. Amezikwa kulekule, ng'ambo ya mto, na Justus ndiye aliyemfunika. Alimletea Marcelina katambuga zake, zimelika upande mmoja, alikuwa anatembea akilalia kushoto tangu mtoto. Marcelina ameziweka mlangoni kwake, jozi, kama mtu aliye ndani. Kila nikipita nabisha hodi, na yeye anaitika karibu. Mmoja tu hakurudi katika wa kwetu wote, na watu wananipongeza. Mimi napokea pongezi, lakini nyumba ile naipita polepole.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo hasa.

Justus nimempa barua yako aisome. Nilimwona akisoma. Hakukasirika. Aliniuliza, "Baba mkubwa, mlango wa baba uko wapi?" Hajawahi kuuona, Tobias. Aliletwa hapa hajui kusema, na neno la kwanza lililotoka kwako kumjia yeye ni kwamba asikanyage mlango ambao haujui.

Basi nimeamua, na unajua nikiamua. Amekata tiketi ya treni Tabora, anapita Igalula, anakuja mpaka Tanga, atakuwa kwako siku chache baada ya barua hii. Amebeba asali ya mwaka huu, debe zima, ni yako na Maua. Alitaka kuvaa zile buti za jeshi apendeze. Nimezificha chini ya kitanda changu. Nimemwambia vaa katambuga.

Akibisha hodi usitazame uso kwanza, maana uso ni wako mtupu, utalia mbele ya majirani. Tazama miguu. Kisha nenda umshike mkono umvute ndani, kwa nguvu ile ile uliyoivutia kamba yangu siku ile. Mimi hukuweza kunirudisha nyumbani. Huyu utamweza.

Nisalimie shemeji Maua na watoto wote, nisalimie Wanyamwezi wenzetu wa kambi ya mkonge, waambie Ipole kuna mvua na kuna asali. Apolinaria anakusalimu, anasema mke wako amfundishe mtoto kupika wali wa nazi arudi nao. Eustace anakusalimu. Marcelina anakusalimu.

Mungu aliyemtembeza Justus mpaka Kampala na kumrudisha akulinde mgongo wako, akufungulie mkono na mlango.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikikusema,

Anselm
(nimeandika mwenyewe)